Hesabu ya Waliotoka



Juma hili nawaomba tuitazame historia kwa kitambo, maana kuna jambo moja ambalo bila historia hatutalielewa, na bila kulielewa tutaendelea kulikosea kwa nia njema. Ni jambo la watoto wanaolelewa nje ya nyumba za wazazi wao, na la namna tunavyopima kama malezi hayo yamefanikiwa.

Nianze na ofisi ya parokia. Miaka michache iliyopita alikuja kwangu hapa Nyakato binti wa miaka 22, akiwa na mchumba wake, kuandikisha ndoa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye mstari wa majina ya wazazi au walezi, yaani watu ambao wangepokea mahari na kusimama na binti siku ya arusi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Baba, andika jina la kituo."

Alikuwa amelelewa katika makao ya watoto tangu umri wa miaka 6 hadi 19. Alikula, alivaa, alisoma, hakulala nje hata usiku mmoja. Hakuna mtu ambaye angethubutu kusema kwamba alitupwa. Lakini siku ile ilionekana wazi kwamba hakuwa na mlango wa kutokea ili aende kuolewa, wala mlango wa kurudia endapo ndoa ingemshinda. Nami niliyeshika kalamu nilijua jambo ambalo mchumba wake hakulijua: mtu aliyempeleka kituoni, akiwa padre mpya mwenye haraka ya kutenda mema, nilikuwa mimi.

Nikaukumbuka ubao uliokuwa ukutani katika ofisi ya kituo kile. Uliandikwa kwa rangi nzuri: idadi ya watoto waliopokelewa tangu kuanzishwa, idadi ya waliopo, wanaosoma shule ya msingi, wanaosoma sekondari. Wageni waliupiga picha. Nami niliusifu. Haikunijia akilini kuuliza kwa nini hapakuwa na safu ya waliotoka, walikokwenda, na kama bado wako huko walikokwenda.

Swali hilo la safu iliyokosekana ndilo tafakari yetu ya leo.

Watoto waliokombolewa

Kanisa katika nchi yetu lilianza na watoto wasio na kwao. Hili si fumbo, ni historia. Mwaka 1860 wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki wa karne ile walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Waliwanunua watoto katika masoko ya utumwa, wakawapa chakula, elimu na ubatizo. Watoto hao walipokua na kuoana, walipewa mahali pa kujenga na kulima katika kijiji cha Wakristo walio huru.

Huku kwetu kanda ya ziwa mambo yalifanana. Wamisionari wa Afrika, ambao babu zetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Kageye, ufuoni mashariki mwa Mwanza, kati ya mwisho wa 1878 na mwanzo wa 1879, wakavuka kwenda Buganda. Mnamo Novemba 1882, kwa sababu ya wasiwasi uliokuwapo katika utawala wa Kabaka Mutesa, waliondoka Buganda wakarudi kusini mwa ziwa pamoja na watoto waliokuwa wamewakomboa. Mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, nayo ndiyo mama wa parokia zote za jimbo letu. Kwa hiyo tunaposema kwamba imani ilifika Mwanza kwa mtumbwi, tukumbuke pia kwamba waliosafiri pamoja nayo walikuwa watoto wasiojua watalala wapi kesho.

Tusiwahukumu wamisionari wale kwa mizani ya leo. Mtoto aliyenyakuliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akauzwa mara tatu kabla ya kufika mikononi mwao, angerudishwa wapi? Kijiji chake huenda kilichomwa moto. Njia ya kurudi ilikuwa ileile ya misafara ya watumwa. Kwa wengi wao, misheni ilikuwa nyumba pekee iliyowezekana.

Tumtazame Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Walimsomesha utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Hapo alioa, akatibu wagonjwa, akakaa hadi kifo chake mwaka 1956. Ni miaka 67 mahali pamoja. Mtu aliyenyang'anywa kwao alipata kwao pengine, na kukadumu.

Lakini si wote waliokuwa Atiman, na habari za wengi wao hatunazo. Sababu mojawapo ni namna hesabu zilivyotunzwa. Fedha za kuwakomboa watoto zilitoka kwa waamini wa Ulaya, na sehemu kubwa ilipitia katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Ni shirika lilelile ambalo watoto wetu wa Nyakato wamo, wanaovaa skafu zao Jumapili. Mfadhili aliyetoa senti zake alitaka kujua ni watoto wangapi waliokombolewa na wangapi waliobatizwa. Alipewa hesabu hiyo. Ilikuwa hesabu ya kweli, lakini ilikuwa hesabu ya mlangoni: wangapi wameingia. Swali la yule mtoto baada ya miaka ishirini halikuulizwa na mfadhili, kwa hiyo halikupewa safu katika daftari.

Hapa ndipo lilipozaliwa zoea ambalo tumelirithi. Kile kinachohesabiwa ndicho kinacholipiwa, na kile kinacholipiwa ndicho kinachoongezeka.

Ukoo kama nyumba

Wakati huohuo, nje ya uzio wa misheni, jamii zetu zilikuwa na utaratibu wao. Mtoto aliyefiwa hakuitwa tatizo la serikali wala la misheni. Alikuwa na baba mkubwa, baba mdogo, shangazi, mjomba na bibi. Kwa Wasukuma, swali la mtoto ni wa nani lilifungamana na mahari. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeitumikia serikali ya kikoloni na kuishi Mwanza, alichapisha mwaka 1953 kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma, na humo jambo hili linaonekana wazi: mahari ikilipwa, watoto ni wa upande wa baba, isipolipwa, ni wa kwao mama. Mtu wa leo anaweza kuona ukali katika desturi hiyo, na kweli umo. Lakini ulikuwamo pia uhakika. Mtoto hakuweza kukosa kabisa upande wa kumdai.

Nasema hivi bila kuupamba ukoo. Wako watoto waliopokelewa na ndugu ili wachunge ng'ombe huku binamu zao wakienda shule. Wako waliopokelewa kwa sababu ya shamba la marehemu, na shamba lilipokwisha kugawanywa, upendo nao ukagawanyika. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingi nayo yaweza kumwangusha mtoto, kila mmoja akidhani mwenzake amemshika.

Serikali nayo iliingia taratibu. Kutoka enzi za ukoloni tulirithi sheria ya kuasili watoto, Sura ya 335, ambayo wananchi wa kawaida hawakuitumia sana, kwa kuwa Mwafrika aliyemchukua mtoto wa marehemu kaka yake hakuona haja ya kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba ni wake. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Makao ya Watoto ya mwaka 1968, iliyoweka utaratibu wa kuandikisha na kukagua vituo. Tazameni tofauti: sheria ya pili ilijali nyumba ilivyo, yaani vyumba, usafi, msimamizi. Mkaguzi angeweza kuhesabu vitanda. Lakini kitanda hakimwambii mkaguzi kama mtoto anayelala juu yake ana mjomba kijiji cha pili.

Kagera ilitufundisha kuhesabu

Utaratibu wa ukoo ulijaribiwa vikali ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Waliokufa walikuwa hasa watu wa umri wa kuzaa na kulea. Bibi waliokwisha kumaliza kazi ya kulea waliianza upya. Na sisi wa Mwanza tuliongezewa jeraha letu wenyewe tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na bandari, ikachukua mamia ya watu. Kila apitaye Igoma kwenye makaburi yao akumbuke kwamba nyuma ya kila kaburi palikuwa na nyumba, na katika nyumba nyingi palikuwa na watoto ambao siku ile walihamia kwa mtu fulani.

Kutoka Kagera yalikuja mambo mawili ambayo kila mtu anayejenga kituo cha yatima angepaswa kuyajua.

La kwanza ni la gharama. Benki ya Dunia, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu UKIMWI, ilieleza kwamba kumtunza mtoto mmoja katika kituo mkoani Kagera kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia akiwa katika familia ya malezi. Maana yake ni rahisi hata kwa mwekahazina wa jumuiya ndogo ndogo: fedha ya mtoto mmoja wa kituoni ingewabakiza watoto sita katika nyumba za watu.

La pili ni la muda. Watafiti waliwafuata watoto wa Kagera tangu miaka ya 1991 hadi 1994, wakawatafuta tena mwaka 2004, mahali popote walipokuwa wamehamia. Walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipungukiwa, kwa wastani, sentimita 2 za kimo chake cha utu uzima na mwaka 1 wa masomo. Tukae na takwimu hiyo kidogo. Watoto hao wengi hawakuwa mitaani. Walikuwa kwa ndugu, walikuwa "wamepata nyumba". Hata hivyo pengo lilibaki mwilini mwao, likapimwa kwa futikamba baada ya miaka kumi. Basi kusema kwamba mtoto amechukuliwa na ukoo si mwisho wa hesabu. Ni mwanzo wake.

Thamani ya utafiti huo haiko katika sentimita mbili tu. Iko katika tendo la kurudi na kuwatafuta. Watu wale walikuwa na orodha ya majina, wakaenda kuuliza: huyu yuko wapi sasa, na anaendeleaje?

Sheria ya 2009 na neno "kambo"

Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2003 ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, iliyofuta ile ya makao ya 1968 na ile ya kuasili, ikayaweka mambo hayo chini ya paa moja. Mwaka 2012 zikafuata kanuni za makao ya watoto na za malezi ya kambo. Zanzibar ilitunga Sheria yake ya Mtoto mwaka 2011, na humo iliupa nafasi pia utaratibu wa Kiislamu wa kafala, ambao humpa mtoto mlezi bila kumfutia nasaba yake.

Katika sheria ya Bara kuna njia mbili ambazo waamini huzichanganya. Malezi ya kambo ni malezi ya muda: familia iliyochunguzwa na Afisa Ustawi wa Jamii inampokea mtoto, huku njia ya kurudi kwao ikiendelea kutafutwa au uamuzi mwingine ukisubiriwa. Kuasili ni kwa kudumu: kwa uamuzi wa mahakama mtoto anakuwa wa nyumba ile, na jina na urithi vinamfuata. Ziko pia familia za kuaminika, zilizoandaliwa kumpokea mtoto kwa dharura, pengine usiku uleule alipookotwa kituo cha mabasi.

Nakiri kwamba neno lenyewe halikutusaidia. Kwa Mswahili, "kambo" inamkumbusha mama wa kambo wa hadithi, yule anayemnyima mtoto nyama. Nimewahi kutangaza kanisani kwamba Ustawi wa Jamii wanatafuta familia za malezi ya kambo, na baada ya Misa mama mmoja akaniuliza kwa uchungu, "Padre, kwa nini watupe jina baya kabla hatujaanza?" Majirani zetu wa Rwanda walichagua vizuri zaidi. Walipoanza kuwahamisha watoto kutoka vituoni kwenda katika familia, kwa mpango uliozinduliwa mwaka 2013, walezi waliojitolea waliitwa Malayika Mulinzi. Hatuhitaji mkalimani.

Ushahidi wa kisayansi kwamba familia ni bora ulikuja kutoka mbali na kwetu. Huko Bucharest, mji mkuu wa Romania, watoto 136 waliokuwa katika vituo vya serikali, wenye umri wa kati ya miezi 6 na 31, waligawanywa kwa kura mwanzoni mwa miaka ya 2000: nusu wakapelekwa katika familia za malezi, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya wakati ule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliokwenda katika familia walipata akili changamfu zaidi, na waliofaidi kupita wote ni wale waliohamishwa kabla ya umri wa miaka 2. Haishangazi kwamba miongozo iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa mwaka 2009 inasisitiza watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe katika familia.

Namna ya kupima

Sasa tufike kwenye kiini. Tukishakubali kwamba lengo ni nyumba ya kudumu, tutajuaje kama tunalifikia?

Mwaka huohuo wa 2009, UNICEF na wenzake walitoa mwongozo wenye viashiria 15 vya kuhesabu watoto walio katika malezi rasmi. Vingi ni maswali ambayo hata katekista wa kigango angeweza kuyauliza: wangapi wameingia mwaka huu, wangapi wametoka, wangapi wako vituoni na wangapi katika familia, wangapi wanatembelewa na ndugu, wangapi wana mpango ulioandikwa wa maisha yao na kupitiwa mara kwa mara, wangapi wameasiliwa. Nikiyatazama kwa macho ya mchungaji, nayakusanya katika maswali manne.

La kwanza: alitoka kwenda kwa nani? Si "ametoka", wala "amemaliza kidato cha nne". Kwa nani, kwa jina.

La pili: ilichukua muda gani? Mwaka mmoja kwa mtu mzima ni mfupi. Kwa mtoto wa miaka 2 ni nusu ya umri wake.

La tatu: bado yuko huko? Baada ya mwaka mmoja, na baada ya mitatu. Mtoto aliyerudishwa kwao kwa shangwe mwezi wa Januari, akaonekana tena sokoni mwezi wa Juni, hakupata nyumba. Alipata safari.

La nne: huko aliko, ni mtoto wa nyumba au ni mtumishi wa nyumba? Anakwenda shule na wenzake? Anakula nao? Mzee akifa leo, ataitwa kwenye kikao cha arobaini pamoja na wengine, au ataambiwa akateke maji?

Maswali haya lazima yaulizwe yote kwa pamoja, maana moja likiachwa peke yake hupotosha. Marekani wamelionja hilo. Sheria yao ya mwaka 1997 iliagiza kwamba ndani ya miezi 12 mahakama ikutane kuamua makao ya kudumu ya mtoto, na kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, mtoto akikaa malezini miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, serikali iombe haki za wazazi zikomeshwe. Saa hiyo iliwasaidia wengi waliokuwa wanaozea katika faili. Lakini wako pia watoto ambao haki za wazazi wao zilikomeshwa na hakuna aliyekuja kuwaasili. Walipoteza nyumba moja kisheria kabla ya kupata nyingine. Ndiyo maana vipimo vya huko haviishii kwenye wangapi walipata nyumba ndani ya miezi 12. Hupima pia wangapi walirudi tena malezini ndani ya miezi 12 baada ya kutoka. Kasi bila kudumu ni udanganyifu, na kudumu bila uchunguzi kwaweza kuwa kifungo.

Daftari linalomfuata mtu

Mtaniuliza: Padre, sisi waamini wa Nyakato tuna nini cha kufanya na viashiria vya Umoja wa Mataifa? Nitajibu kwa kurudi ofisini, mahali nilipomwacha binti yule na mchumba wake.

Nilipokosa la kuandika, nilitafuta cheti chake cha ubatizo, kama sheria inavyotaka kwa kila ndoa. Alibatizwa utotoni, kabla mama yake hajafariki, katika parokia nyingine ya jimbo letu. Nikapiga simu, paroko mwenzangu akafungua daftari la zamani. Humo palikuwa na jina la kijiji na jina la mama wa ubatizo. Mama wa ubatizo alikuwa hai. Alimfahamu mdogo wake marehemu mama wa binti, aliyeolewa katika kijiji kimoja cha Magu, safari ya basi isiyofika saa mbili kutoka hapa. Ilichukua majuma mawili kumpata.

Mama huyo mdogo alipofika, alilia kwanza, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kulijibu vizuri: "Baba, mlimficha wapi miaka yote hii?" Alikuwa ameambiwa kwamba mtoto amechukuliwa na watu wa serikali, akaogopa kuuliza. Hakuwa na uwezo mkubwa, lakini alikuwa na nyumba, shamba la mihogo, na watoto watatu ambao mmoja wao alifanana na binti yetu kama mapacha.

Majuma mawili. Kwa miaka 13 hakuna aliyeuliza, na wa kwanza asiyeuliza nilikuwa mimi. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na mtoto mwenye njaa mkono mmoja na anwani ya kituo mkono mwingine, na niliporudi parokiani niliandika katika taarifa yangu ya mwaka: "Mtoto mmoja yatima amesaidiwa."

Mapadre tunajua, au tulifundishwa seminarini, kwamba daftari la ubatizo si orodha ya walioingia tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, inaagiza kwamba pembeni mwa jina la mbatizwa yaandikwe baadaye mambo yanayobadilisha hali yake: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, na pia kuasiliwa. Kanuni ya 110 inasema waziwazi kwamba mtoto aliyeasiliwa kwa sheria ya nchi anahesabiwa kuwa mtoto wa waliomwasili. Kanuni ya 1094 inakwenda mbali zaidi: undugu huo wa kuasiliwa unazuia ndoa, kama vile undugu wa damu unavyozuia. Kanisa halimwoni mtoto aliyeasiliwa kama mgeni wa kudumu. Ni ndugu kiasi kwamba hawezi kumwoa dada yake wa nyumba ile.

Na daftari hilo linamfuata mtu popote aendako. Akifunga ndoa Bukoba au Dar es Salaam, taarifa inarudi kwenye mstari uleule alioandikiwa akiwa mchanga. Hiki ndicho kipimo nilichokuwa nacho kabatini siku zote huku nikiusifu ubao wa ukutani. Ubao ulihesabu vichwa. Daftari lilimfuata mtu mmoja mmoja, kwa jina, mpaka mwisho.

Kwa hiyo, tangu mwaka ule, halmashauri ya walei ya parokia yetu imekubali mambo matatu madogo. Mtoto akifiwa katika jumuiya yoyote, viongozi wa jumuiya wanaandika ndani ya mwezi huo majina ya ndugu wa pande zote mbili na mahali wanapoishi, kabla hayajasahaulika. Mtoto akilazimika kwenda kituoni au katika familia ya malezi kwa utaratibu wa Ustawi wa Jamii, mama au baba wake wa ubatizo, au mtu aliyeteuliwa na jumuiya, anamtembelea na kutuletea habari kila robo mwaka. Na sadaka ya yatima, ambayo zamani ilipelekwa vituoni tu, sasa sehemu kubwa inakwenda kwa bibi na shangazi wanaolea, kwa sare, daftari na unga.

Wafadhili wetu wa ng'ambo waliwahi kutuahidi fedha za kujenga bweni la watoto 40 katika kiwanja cha parokia. Lingekuwa jengo zuri, na lingepata ubao wake. Tuliwaandikia kwa heshima tukiwaomba fedha hizo zisaidie familia. Hawakujibu bado. Baadhi ya wazee wa halmashauri hawajanisamehe, nami nawaelewa, kwa sababu jengo huonekana na familia iliyosaidika haionekani. Vituo vyema vitaendelea kuhitajika, maana wako watoto ambao kweli hawana mtu, na wako ambao nyumbani kwao ndiko kwenye hatari. Masista na walezi wanaokesha na watoto hao nawaheshimu kutoka moyoni. Naomba tu kwamba kila kituo kiwe na safu ile iliyokosekana.

Katika Kitabu cha Kutoka, binti Farao alipomwokota Musa mtoni, alitafuta mwanamke wa kumnyonyesha, akamlipa ujira. Mwanamke yule, bila binti Farao kujua, alikuwa mama mzazi wa mtoto. Aliyefanikisha jambo hilo ni dada mtu, aliyesimama mbali kidogo kutazama ndugu yake angefikwa na nini. Katika historia yote niliyowasimulia, tulikuwa na waokotaji wengi na wafadhili wengi. Aliyekosekana ni yule wa kusimama na kutazama mtoto anafikia wapi.

Binti yetu aliolewa hapa Nyakato. Mahari ilipokelewa Magu. Kwenye fomu, katika mstari wa wazazi au walezi, niliandika majina ya marehemu mama yake na ya mama yake mdogo. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kwanza, na kwa siku arobaini alikwenda kukaa kwao.

Mungu awabariki. Tuonane juma lijalo.